Juri Iliyokaa Jikoni

Nimelirudisha joho. Lilikuwa jeusi, la kitambaa chepesi, limeanza kupauka mabegani kwa kufuliwa mara nyingi, na msichana wa stoo alilikunja bila kulitazama, kama mtu anayekunja taulo la hoteli. Nilitaka kumwambia alishike taratibu, lakini sikusema kitu. Kazi ya mhudumu wa chumba cha mahakama kwa sehemu kubwa ni kunyamaza, na mazoea hayo hayaondoki siku moja na joho.

Ninawaandikia ninyi mnaobaki, mliotoka nyumbani Afrika Mashariki mkajikuta mnafungua milango, mnaapisha mashahidi na kujaza maji kwenye gilasi za watu wenye hasira. Mmeniuliza mara nyingi nilianzaje na nilijifunza nini. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Hizo mnaweza kuziulizia ofisini, na ofisini hawatawajibu. Mimi nitaandika kuhusu milango.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ya ukungu. Wageni hawaamini kwamba Dubai ina ukungu, lakini ninyi mnajua zile asubuhi za miezi ya baridi, ambapo minara hukatika katikati na sehemu zake za juu hubaki zikielea peke yazo. Nilitoka Al Mankhool, nilikokuwa nakaa chumba kimoja na wanawake wengine wa Kenya waliofanya kazi dukani na hotelini, nikapanda treni, na jengo la mahakama lilipotokea mbele yangu lilikuwa halina miguu. Niliingia ndani yake kama mtu anayeingia kwenye wingu akiwa na bahasha ya vyeti mkononi.

Nilikuwa nimetoka Machakos, ambako nilikuwa karani wa mahakama. Huko mahakama ina sauti. Benchi hulia, watoto hulia, na mvua ikinyesha juu ya mabati hakimu husimama kidogo kuisubiri, kwa sababu mvua haikatwi kauli. Hapa kulikuwa na zulia nene lililomeza hatua zangu, na hewa baridi iliyovuma polepole kutoka darini mchana kutwa. Majuma ya mwanzo nilijiona kama ninatembea chini ya maji. Watu walifungua midomo, maneno yakatoka kwa upole, na baadaye kidogo nikagundua kwamba walikuwa wanatukanana.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Madam Doreen. Alizaliwa katika visiwa vya Karibi, akakulia Uingereza, na kule Uingereza alikuwa mhudumu wa mahakama ya jinai katika mji mmoja wenye mvua nyingi hadi mumewe alipopata kazi ya uhandisi Dubai. Alikuwa mnene, mwenye hatua nyepesi, na alikuwa na namna ya kufunga mlango ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alishika kitasa, akakizungusha kwanza, akausukuma mlango hadi mwisho, kisha akakiachia kitasa kidogokidogo, na mlango ukawa umefungwa bila mtu kujua ulifungwa lini.

Alinifundisha kuweka gilasi ya shahidi upande wa mkono asioutumia kuapa, kwa sababu shahidi mwenye woga akiushusha mkono wa kiapo huangusha chochote kilicho chini yake. Alinifundisha kuwauliza watu mapema, faraghani, wanaapa kwa kitabu gani, au kama hawaapi kwa kitabu chochote. Na alinifundisha kutotikisa kichwa. Shahidi akiwa anasema, hutafuta sura moja chumbani inayomkubali. Akiipata, ataifuata popote inapomwelekeza. "Uso wako uwe kama ukuta, Kalunde," aliniambia, "lakini ukuta wenye adabu."

Kitu kilichonishangaza mwanzoni ni mafaili. Mawakili walikuja wakivuta masanduku yenye magurudumu kama wasafiri, na ndani hamkuwa na nguo bali kesi za watu waliokwisha kufa. Nilimuuliza Madam Doreen kwa nini mkataba ulioandikwa mwaka jana hapa Dubai uhitaji habari za mfanyabiashara aliyelowanisha magunia yake ya sukari kabla ya bibi yangu kuzaliwa. Akanieleza tukiwa kwenye kile kijichumba cha chai nyuma ya mahakama. Sehemu kubwa ya nchi hii ina sheria zake zilizoandikwa na mahakama zake za Kiarabu, lakini eneo letu la biashara lilipewa mahakama ya Kiingereza inayofuata komon loo, na komon loo haikuandikwa yote na mtu mmoja aliyekaa mezani akamaliza. Imejengwa na hukumu. Jaji wa jana alikata shauri akaeleza kwa nini. Jaji wa leo analitazama shauri lile. Mambo yakifanana anafuata, yasipofanana lazima aonyeshe tofauti iko wapi. Ndivyo hivyo tangu zamani, hukumu juu ya hukumu, kama watu wanaoshikana mikono gizani.

Tangu siku ile, mchana ukiwa mrefu na wakili akisoma kwa sauti ya kulaza watoto, nilikuwa nawaona wale marehemu wakiingia. Walikaa safu ya nyuma, mfanyabiashara wa sukari, mjane aliyedhulumiwa shamba, nahodha aliyechelewa bandarini, kila mmoja akisubiri kutajwa. Wakili alipoyataja majina yao walisogea mbele kidogo. Mara moja nilikaribia kuwapelekea maji.

Lakini Madam Doreen alikuwa na hamu ya kitu ambacho mahakama yetu haikuwa nacho. Kwetu jaji aliamua peke yake. Yeye kule Uingereza alikuwa mlinzi wa juri. Alinisimulia mapumziko kwa mapumziko, kikombe kwa kikombe, kama mtu anayesimulia nyumba aliyokulia. Watu kumi na wawili wa kawaida, wauza nyama, makarani, wastaafu, majina yao yanaokotwa kwa bahati nasibu. Hawamjui mshtakiwa, naye hawajui, anayemjua anaondolewa. Wanakaa kimya wakisikiliza mashahidi siku nzima. Jaji anawaeleza sheria, lakini kusema kama mtu alifanya au hakufanya ni kazi yao. Kisha Madam Doreen alikuwa anaapa mbele ya wote kwamba atawaweka mahali pa faragha panapofaa, hatamruhusu mtu yeyote kusema nao, wala yeye mwenyewe hatasema nao, ila kuwauliza kama wamekubaliana. Akawaingiza chumbani, akaufunga ule mlango kwa namna yake, akasimama nje.

Nilimuuliza alisikia nini miaka yote hiyo.

"Kama maji kwenye bomba," alisema. "Sauti unaisikia, neno hulipati."

"Na wakitoka wanasema sababu zao?"

"Hapana, mpenzi. Juri haitoi sababu. Ana hatia, hana hatia, basi."

Hilo lilinikaa moyoni. Nilipoanza kazi Machakos bado tulikuwa na wazee wa baraza kwenye kesi za mauaji, wakikaa pembeni ya jaji kumpa maoni, kabla utaratibu huo haujaondolewa. Jaji hakufungwa na maoni yao, lakini sababu walitoa, na walitoa nyingi, mpaka wengine wakaanza na mipaka ya shamba la babu wa mshtakiwa. Nilijaribu kuwawaza wazee wale wakisema neno moja na kukaa chini. Sikuweza.

Basi sasa nifike kwenye kesi iliyonifundisha kazi yangu kuliko zote. Haimo kwenye rafu zetu. Ilisikilizwa Al Baraha, Ijumaa moja, siku iliyokuwa yetu ya mapumziko na ya kanisa, baada ya ibada, katika fleti ya ghorofa ya juu ya jengo kuukuu ambalo lifti yake hupanda ikitaka.

Katika fleti ile walikaa vijana wa ulinzi, Wakenya na Waganda, kitanda juu ya kitanda. Mkubwa wao alikuwa Mutiso, mtoto wa binamu yangu wa Kitui, ambaye aliniita Anti na akawafundisha wote waniite hivyo. Rafiki yake mkubwa alikuwa Wafula wa Bungoma. Walilinda maduka yaleyale, walikula sahani moja, na Mutiso alipopata mchumba nyumbani, hakuna aliyeuliza nani atamsimamia harusini. Likizo waliomba pamoja.

Mutiso alikusudia kuoa akiwa amevaa suti ya marehemu baba yake, ileile ambayo mzee aliivaa alipomwoa mama yake. Ilikuwa ya rangi ya majivu, ya sufu nzito. Alikuja nayo Dubai makusudi ili fundi Mhindi wa Bur Dubai aipunguze kiuno. Fundi alipomaliza, Mutiso aliitundika kwenye mlango wa ile korido yao, pale wanapopigia pasi yunifomu, wote wakapita wakiitazama. Siku mbili tatu baadaye akaigeuza, akakuta mgongoni, chini ya bega, alama ya pasi. Umbo lake kamili, lenye ncha, la kahawia iliyoungua. Mtu alikuwa ameipiga pasi, akaiunguza, akairudisha na mgongo ukaelekea mlangoni.

Hakuna aliyesema ni yeye. Mutiso akasema ni Wafula. Wafula ndiye aliyekuwa amejitolea kwa mdomo wake kuinyoosha "ikae kali", na Okello, Mganda mpole aliyelala kitanda cha jirani, alikuwa amemwona akiwa na pasi pale koridoni mchana mmoja wa siku zile. Wafula alikana. Wakaacha kusemezana. Wenzao wakagawanyika, fleti ikawa haikaliki, mwishowe wakapatana jambo moja tu: aliyefanya aachie kitanda chake, ahame. Wafula akasema kama wanamwona ni yeye basi ahame leo, na harusini asitafutwe.

Mutiso akaja kwangu Al Mankhool. "Anti, wewe ndiye unajua hizi mambo za korti," alisema. "Njoo utuamulie."

Nilikataa. Mama yake na mimi ni ndugu, ningeamuaje? Lakini usiku sikulala vizuri, nikayakumbuka maneno ya Madam Doreen, na asubuhi nikampigia Mutiso simu nikamwambia kuna njia nyingine. Haikuwa mahakama, na hilo nililisema wazi kwa wote: nchi ina sheria zake na askari wake, na hakuna aliyetaka kuchukua kazi yao. Ilikuwa ni namna ya kukaa chini tu, kwa watu waliokuwa wameshindwa kukaa chini. Wote wakakubali kwamba watakachosema wanajuri kitafuatwa.

Kosa lilianza hapohapo. Niliwaambia watafute wanajuri, wakaniletea wale waliomjua Wafula kuliko watu wote. Kiongozi wa kwaya yao, mwenzake wa zamu, kijana waliyesoma naye Bungoma. Mutiso naye aliongeza wawili waliomjua Wafula kwa ubaya, ili mizani ikae sawa. Walikuwa wameyafanya kwa moyo safi. Kwetu, atakayekuhukumu ni yule aliyekuona ukikua. Nilipowaondoa wote, aliyekasirika zaidi alikuwa Wafula mwenyewe.

"Anti, unaniletea watu hawanijui? Huyo mama wa mandazi atajuaje mimi ni mtu wa aina gani?"

"Hatajua," nikamwambia. "Ataulizwa kama uliunguza suti. Hataulizwa wewe ni mtu wa aina gani."

Alinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo. Niliyakumbuka macho yale kila mara baadaye nilipomwona shahidi akimwambia jaji kwamba yeye ni mzee wa kanisa, na jaji akajibu kwa upole kwamba hilo halijaulizwa.

Wageni niliwaokota mwenyewe mtaani na kwa marafiki wa marafiki, wengi wao watu wa pwani. Hawakutimia kumi na wawili. Ijumaa kila mtu ana nguo za kufua. Mama wa mandazi aliitwa Bi Zuwena, mtu wa ukoo wa Unguja aliyeishi Deira miaka mingi na kuuza vitafunio karibu na msikiti. Huyu wenzake walimfanya msemaji wao. Kuwa jaji alikubali Mtanzania mmoja, mpokea wageni wa hoteli ya Al Rigga, ambaye zamani alifundisha shule ya msingi na kila mtu alimwita Mwalimu. Alikuja amevaa tai ya hoteli. Mimi sikutaka cheo chochote isipokuwa mlango.

Wanajuri walikaa kwenye vitanda vya chini, magoti yakigusana. Suti ilitundikwa dirishani, na mwanga wa Ijumaa, ule mwanga mweupe wenye vumbi, ukapita pembeni mwake kiasi kwamba ilionekana kama mtu amesimama pale akitupa mgongo. Nadhani wote tulimwona mzee wa Mutiso. 

Mutiso aliapa kwa Biblia yake mwenyewe, kisha akaeleza. Alieleza vizuri, akamalizia kwa kusema kwamba mama yake angeiona ile alama. Kisha Okello. Alimwona Wafula na pasi, ndiyo, mvuke ukipanda, na suti ilikuwa nyuma yake mlangoni. Mwanajuri mmoja akataka kumuuliza swali, wa pili naye akataka, na Mwalimu akawaambia kwa ile sauti ya darasani kwamba zamu yao ya kusema itafika. Walinyamaza kwa shida kubwa. Sijaona mateso ya aina ile mahakamani kwetu. Mtu wa pwani kuambiwa asikilize habari ya suti nzima bila kuuliza.

Wafula hakuwa na wakili. Alisimama akamuuliza Okello mwenyewe.

"Hiyo nguo ilikuwa kwa meza ni gani?"

"Shati. Ya yunifomu."

"Suti uliiona kwa meza?"

"Hapana. Ilikuwa kwa mlango."

"Nikamaliza, nikaenda. Nani alikuja nyuma yangu?"

"Mimi nililala bana. Nilikuwa na zamu ya usiku."

"Kwa hivyo hujui."

"Sijui, ssebo," akasema Okello, akimwita bwana kwa Kiganda, na kwa sababu alikuwa mtu wa haki, akaongeza kwamba alilala mpaka jioni.

Wafula alipoulizwa kuhusu ahadi yake, alisema ndiyo, alijitolea kuinyoosha, lakini Mutiso alimwambia fundi ameshamaliza, basi akaiacha. Mutiso hakukumbuka kumwambia hivyo. Hakusema kwamba hakumwambia, alisema hakumbuki. Nikiwa pale mlangoni na uso wangu wa ukuta, nilisikia kitu kikisogea chumbani, kitu kidogo tu, kama kiti.

Mwalimu akawaeleza wanajuri nilichokuwa nimemweleza yeye. Anayedai ndiye anayethibitisha. Wafula hana kazi ya kuonyesha nani mwingine aliunguza. Wasipokuwa na hakika, wakiwa bado na shaka ambayo mtu mwenye akili angekuwa nayo, jibu ni kwamba hana hatia. Kisha nikaapa. Nilivisema vile viapo vya Madam Doreen kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza nadhani tangu vitungwe: mahali pa faragha panapofaa. Mahali pekee pa faragha katika fleti ile palikuwa jikoni. Nikawaingiza, nikakishika kitasa, nikakizungusha, nikaufunga mlango kidogokidogo.

Kwanza palikuwa kimya. Halafu ikaja ile sauti. Madam Doreen alikuwa amesema kweli, ilikuwa kama maji kwenye bomba, ikipanda, ikishuka, ikisimama kabisa, ikaanza tena mbali. Jua lilikuwa limeegemea ukuta wa korido. Kutoka chini ilipanda milio ya magari, na kutoka jikoni, pamoja na sauti, harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Nilifikiri ninaota. Vijana walikuwa wamebandika wali wa wageni kabla ya kikao, na wale wanajuri, watu wazima waliolelewa vizuri, walikuwa hawawezi kukaa karibu na sufuria la watu bila kulisaidia.

Mlango ukafunguka kidogo, akatokea Bi Zuwena. "Mwanangu," akaninong'oneza, "chumvi mnaiweka wapi humu?"

Nilikuwa nimeapa kutosema nao. Nikamwonyesha kwa mkono arudi ndani, nikafunga, nikaenda kwa Mwalimu. Swali lolote kutoka kwa juri hupelekwa kwa jaji, naye hulisoma mbele ya pande zote mbili. Mwalimu akasimama, akakaza tai. Akatangaza kwamba juri inauliza mahali ilipo chumvi, akauliza kama mdai ana pingamizi. Mutiso akasema hana. Wafula akasema iko kwenye kopo la maziwa, juu ya friji. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya majuma kadhaa hawa wawili kujibu swali moja mmoja baada ya mwingine, na niliona Mutiso akiinamisha uso.

Swali la pili lilikuwa zito. Walitaka suti iingie jikoni waitazame. Pande zote zikaruhusu, kwa sharti ishikwe mbali na mvuke. Niliichukua kutoka dirishani. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na nilipovuka nayo ile korido nilihisi nimembeba mtu aliyelala.

Wakakubaliana. Nikawauliza lile swali moja ninaloruhusiwa, wakajibu, wakatoka katika mstari na mikono yenye maji. Bi Zuwena alisimama mbele ya Mwalimu. Alipoulizwa juri inamwonaje Wafula, alisema, "Hana hatia. Sote."

Hakuna aliyeshangilia. Mutiso ndiye aliyesema kwanza. "Kwa nini?"

Bi Zuwena akanitazama mimi.

"Juri haitoi sababu," nikasema.

"Anti, ni suti ya baba yangu. Si wanaweza hata kuniambia waliona nini?"

"Haitoi sababu, Mutiso."

Na hapo Wafula, aliyeshinda, akasimama. Sauti yake ilikuwa chini. "Mimi nataka waseme sikufanya," akasema. "Hana hatia ni nini? Waseme Wafula hakufanya."

Bi Zuwena alimjibu kwa huruma. Alisema wao waliulizwa kama wana hakika, wakajibu. La zaidi hawakuulizwa, na zaidi ya hapo Mungu ndiye ajuaye. Wafula akarudi akakaa kwenye kitanda chake, ambacho sasa kilikuwa chake bila ubishi, na akakaa juu yake kama mtu aliyerudishiwa kiatu chake baada ya mguu kukua. Tulikula ule wali. Ulikuwa na chumvi ya kutosha. Wafula alikula akiwa ameelekea ukutani.

Jumapili, siku ya kwanza ya juma la kazi, nilimsimulia Madam Doreen. Alicheka sana pale kwenye chumvi, mpaka akafuta macho, halafu akakitazama kikombe. Akaniambia kwamba juri hujibu swali moja. Kule kwake, hukumu ikishasomwa, watu walitoka wakakutana kwenye ngazi za mahakama, yule aliyeachiwa na yule aliyemshtaki, na yote ambayo hukumu haikuyagusa walikuwa wanashuka nayo. "Nilitamani siku zote kujua kinatokea nini kwenye zile ngazi," alisema. "Lakini mimi nilikuwa bado ndani, nafunga chumba."

Mimi ngazi za Al Baraha niliziona. Majuma yale waliendelea kupishana. Walipokezana zamu kwenye duka bila neno, chupa ya chai ikihama mkono hadi mkono. Wafula hakuhama, Mutiso hakumfukuza. Likizo ikafika. Nilikwenda kumuaga Mutiso, na kwa kuwa lifti siku hiyo haikutaka, nilianza kupanda kwa miguu. Nikawakuta wanashuka, wote wawili, kila mmoja na begi lake, hawasemi. Mutiso alikuwa na suti begani ndani ya nailoni, ikimponyoka. Kwenye kona ya ngazi akasimama kuishika upya. Wafula akaweka begi lake chini, akaichukua ile suti kwa kiango chake, akainyoosha, akashuka nayo mbele akiinyanyua juu isiguse ukuta. Nilijibanza pembeni nikawapisha. Hakuna aliyenieleza chochote, nami nilikuwa nimefundishwa kutouliza.

Walipokuwa Kenya, nyumba nyingine mtaani ilipata ugomvi wa feni iliyovunjika. Sikuitwa. Nilihadithiwa baadaye kwamba mmoja wao alijitetea kwa kesi ya suti: Wafula aliachiwa, naye aachiwe. Mwenzake akamjibu kwamba mambo hayafanani, kwa sababu kwenye suti shahidi alikuwa amelala, na kwenye feni shahidi alikuwa macho anakunywa chai. Wakakubali kwamba hoja ina uzito. Nilipoisikia habari hiyo nilikaa kitandani kwangu Al Mankhool nikamwona Okello, hai na mwenye afya, akiingia kukaa safu ya nyuma pamoja na nahodha na mfanyabiashara wa sukari.

Picha za harusi zilikuja kwa simu. Mutiso kanisani, Mutiso chini ya hema, Mutiso na mama yake aliyekuwa anacheka. Suti ya rangi ya majivu ilimkaa kama aliyeshonewa yeye. Fundi hakuwa amepata kitambaa cha kufanana, kwa hiyo ile alama ilikuwa bado pale, lakini sikuiona katika picha hata moja. Nyuma ya Mutiso, karibu mno kuliko msimamizi anavyotakiwa kukaa, katika kila picha, alikuwa amesimama Wafula. Shangazi mmoja wa bibi harusi alilalamika kwamba huyo Mluhya ameziba kila kitu.

Waliporudi nilisubiri mpaka Ijumaa, tukitoka kanisani. Wafula alikuwa amesimama mbele kidogo akinunua maji. Nilimuuliza Mutiso ni nini kilichotokea: kama Wafula alikiri, au kama kuna mwingine aliyekiri, au kama yeye mwenyewe alikumbuka kumwambia Wafula kwamba fundi ameshamaliza. Nilimuuliza kama mtu aliyelinda mlango maisha yake yote na sasa anataka, mara moja tu, kujua kilichosemwa ndani.

Mutiso alimtazama rafiki yake akija na chupa mbili za maji. Akatabasamu.

"Juri haitoi sababu, Anti," akasema.